Nyumba Isiyoachwa Peke Yake

Kalemie, 2 Aprili 2023

Yaya Mado, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa wingi wa ndagala, dagaa wetu wa msimu, wewe na mama yetu Françoise, na hata cherehani yako yenye kelele. Mimi ni mzima, mume wangu ni mzima. Mume wangu! Kila nikiliandika neno hilo kalamu inasimama kidogo, inacheka. Usijali alama ya mawese hapo pembeni, naonja mboga huku naandika. Kwa kuwa antena ya Ankoro imeanguka na simu hazifiki kwenu, Mama Pélagie anayepeleka ndagala Kabalo amekubali kubeba barua zangu kila treni ikitembea; kutoka huko mtumbwi utazileta kwenu.

Harusini hukuja, basi nikuonyeshe nyumba kwa maneno. Zamani barabara yetu yote ilikuwa na nyumba ndogo za matofali, wazungu wa reli waliwajengea makarani wao. Zote zimebomolewa. Imebaki moja, na hiyo moja ni yetu! Ina baraza la nguzo mbili, vigae vyekundu, na sakafu ya maua meusi na meupe kama sahani ya wageni. Babu wa mume wangu Wilfried aliipata wazungu walipoondoka. Kushoto kuna ghorofa la Papa Jovial, muuza simenti. Kulia anajenga lingine, hoteli. Tangu ziwa lipande na kuwafukuza watu wa chini, kila mwenye pesa anatafuta ardhi huku juu. Sisi tuko katikati kama mtoto aliyelala kati ya baba na mama. Wapita njia wanasimama kutupiga picha!

Ghorofa liko karibu mno, nikitoa mkono kwenye dirisha la chumba nagusa ukuta wake. Siku ya kwanza nilisikitika, maana ilikuwa giza mchana. Unajua Wilfried alifanya nini? Alichukua chokaa, akatoa mkono nje, akanichorea ziwa kwenye ukuta wa watu: mawimbi, mtumbwi, watu wawili ndani. Akaniambia, "Njo ziwa yako hii, bibi. Haina mbu." Ndilo ziwa langu! Nililia, yaya. Nani amewahi kupewa ziwa?

Mama mkwe, Mama Hélène, ni mwema sana. Tulipotoka kanisani tulimkuta barazani, sanduku lake liko tayari miguuni. Alinitia funguo kiganjani, akanifunga vidole juu yake. "Nyumba hii haiachwake peke yake," akasema, "hata kwa muda wa kununua chumvi. Umesikia, mutoto wangu?" Nikasema nimesikia. Akaondoka kwenda kukaa kwa binti yake Éliane, mbio kama msichana.

Basi sokoni anakwenda Wilfried. Akiwa safarini melini, wifi yangu Éliane ananiletea vitu. Mimi ni malkia!

Najua Mama anangoja nije kumsalimu baada ya harusi. Mwambie bado kidogo.

Mdogo wako mwenye furaha,
Evodie


Ankoro, 28 Mei 2023

Evodie, mtoto wa sukari,

Barua yako ilikaa Kabalo mpaka ikanuka samaki. Usishangae kuchelewa kwa jibu. Mama anakusalimu, goti lake linauma mvua zikiisha badala ya zikianza, na yeye analisifu kama mtoto mwenye akili. Nashona sare za shule mpaka macho yanaona bluu tu.

Nimefurahi kwa furaha yako. Wilfried namjua, ni kijana wa moyo, na hilo la kuchora ziwa hata mimi lingenilegeza, mimi ambaye sina mume wala sitafuti. Lakini niliisoma barua yako kama ninavyopima nguo, upande wa nje halafu upande wa ndani. Upande wa ndani hakuna mahali umeandika "nilitoka". Malkia gani anaombea chumvi kwa wifi?

Na kuna hili. Ulisema mlitoka kanisani mkamkuta mama mkwe barazani. Kwa hiyo kanisani hakuwepo. Mwanamke mwenye mtoto mmoja wa kiume anakosaje ndoa yake ili akae mlangoni? Nijibu hilo kabla ya mambo ya sakafu yenye maua.

Kuhusu "bado kidogo", nilimwambia Mama. Alisema, "Kidogo ya Kalemie ina urefu gani?"

Yaya wako,
Mado


Kalemie, 9 Julai 2023

Yaya mpenzi, yaya wa pekee,

Keti kwanza. Umekaa? Nina mimba! Nesi anasema Januari. Nimekuambia wewe wa pili baada ya Wilfried, ambaye alipoisikia habari alipanda juu ya bati la jiko akaimba mpaka mafundi wa hoteli wakaacha kazi na kumpigia makofi. Yeye ndiye fundi wa mashine wa meli nzima, na siku ile alishindwa kufunga kamba ya kiatu chake. Nampenda, yaya. Nampenda hata akikoroma.

Swali lako nalijibu. Hapa jirani ilikuwepo nyumba nyingine kama yetu, ya familia ya Papa Sulemani. Walikwenda matangani Niemba, wote, hata mpishi. Waliporudi walikuta paa limeshushwa, kuna mlinzi langoni na mtu mwenye karatasi. Kesi bado iko mahakamani na wao wanakaa kwa ndugu. Papa Jovial ana karatasi ya nyumba yetu pia. Wilfried anasema karatasi hiyo ni ya uongo, lakini mahakama haijasema. Kinachojulikana hapa ni kwamba wakimkuta mtu ndani, hawamtoi. Basi daima awe mtu ndani. Siku ya harusi mtu huyo alikuwa Mama Hélène. Umeona? Ni jambo dogo na lina maana.

Na Papa Jovial mwenyewe ana adabu! Kila asubuhi anapita na kofia yake mkononi.

"Bibi arusi, haujatoka tu?"

"Niko vizuri, Papa."

"Kanisa njo ile pale. Nenda usali, miye nitakulindia nyumba."

Tunacheka wote wawili. Padri huniletea komunyo hapahapa barazani, kama mgonjwa au kama malkia, chagua mwenyewe. Wilfried akiwepo naweza kutoka nitakavyo, maana yeye anakaa. Lakini mume akitoka safari ya Uvira au Kigoma na kubaki siku mbili tu, nani atataka kutoka?

Najua utasema mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Nami nililiwaza. Lakini hospitali ya hapa ni nzuri, na nesi ni rafiki, anaweza kuja nyumbani. Usimwambie Mama bado. Nitatafuta maneno.

Mtoto wa tumboni na mdogo wako wanakubusu,
Evodie


Ankoro, 27 Agosti 2023

Mdogo wangu,

Nimemwambia Mama. Kasirika ukitaka.

Kwanza alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja na vikombe. Halafu akauliza unakuja mwezi gani, nami nikajishughulisha na kukusanya vikombe, na Mama ananijua. Akaweka kikombe chini.

"Anazalia kule?"

"Anasema nyumba haiachwi peke yake."

"Miye nilikuzaa weye kwa mama yangu, na Evodie njo nilimuzaa humu kwa sababu mama alikuwa amekufa. Maji ya kwanza ya mutoto wa kwanza yanamwangwa nyuma ya jiko ya mama. Nyumba ya wazungu iko na mama? Muulize."

Basi nakuuliza. Na hutaki kuniandikia kuhusu ziwa la kweli. Unakaa mahali ambapo watu wanasikia mawimbi wakiwa kitandani, na kila barua ni ukuta, baraza, ukuta. Sikuelewi, au nakuelewa na sitaki.

Sikiliza. Shida yenu ni mtu awe ndani. Mimi si mtu? Cherehani yangu inashona popote penye kiti. Nitakuja na treni ya mwezi wa kumi, nikae humo mpaka uzae na upone, halafu urudi kwa bwana wako anayekoroma. Mwambie Wilfried. Akikataa, aniandikie mwenyewe kwa mkono wake.

Mado


Kalemie, 24 Septemba 2023

Yaya wangu mwema,

Habari ni njema zote. Tumbo limekuwa zuri, la duara, Wilfried analisalimu kabla yangu. Mvua ya kwanza ilinyesha na vigae havikuvuja hata tone. Éliane amekata nywele. Hoteli ya Papa Jovial imefika ghorofa ya pili, na jenereta yao inaunguruma nyuma ya jiko letu, ila mtu huzoea, siku hizi ikizimika ndipo naamka.

Kuhusu kuja kwako, Wilfried alifurahi, alisema wewe ni mwanamke wa kweli. Lakini mimi nasema usijisumbue. Una sare za watu. Safari ni ndefu. Nitazalia hapa, na Mama nitamwomba msamaha kwa magoti nikija na mtoto. Tafadhali usikasirike. Mimi ni mke wa nyumba hii, ndivyo nilivyopewa.

Jumanne iliyopita nilipata maumivu kidogo, na damu kidogo. Wilfried alikuwa Kigoma. Dispensari iko ng'ambo ya barabara, yaya, nauona mlango wake. Nilisimama barazani na funguo mkononi. Nikamwita mama anayeuza maandazi amwite nesi, na mwingine akamwite Mama Hélène aje akae ili nivuke. Nesi alikuwa na mgonjwa. Mama Hélène alikuja haraka, kweli alikuja. Alisimama upande wa pili. Nikamwita, "Mama, vuka!" Akanipungia mkono. Akapaza sauti, "Vumilia, Wilfried anarudia kesho!" Hakuvuka. Labda aliogopa malori.

Nesi alifika baadaye, akasema mtoto yuko salama. Mtoto yuko salama, usimtishe Mama.

Nilichoandika huko juu sikifuti, karatasi zimebaki chache. Njoo, yaya. Njoo na treni yoyote.

Evodie


Kalemie, 3 Desemba 2023

Kwako Evodie, na kwa Mama, na kwa huyo anayepiga mateke,

Natumaini mtumbwi haukukutikisa na kwamba Mama ameacha kukulisha ugali kila saa. Hapa nilipobaki mahali pako tuko salama, mimi na nyumba. Kweli ni nzuri. Sikutaka kukiri. Asubuhi mwanga ukiingia barazani matofali yanakuwa na rangi ya mkate. Wanawake wa mtaa wananiletea vitambaa, nashonea barazani, na watu sasa wananipiga picha mimi.

Mtu wako wa kofia alikuja siku ya kwanza.

"Na weye njo nani?"

"Njo yaya wa bibi arusi."

"Bibi arusi amechoka?"

"Amekwenda kuzaa. Weye unazaaka lini, Papa, na tumbo hii?"

Alicheka mpaka akajifuta macho. Tangu hapo ananiletea maji ya chupa. Ningempenda kama asingekuwa anahesabu madirisha yetu kila akizungumza.

Wilfried amepita mara mbili. Ni mtu mzuri, sina neno. Alipaka bawaba mafuta, akanipikia samaki mukeke wa ziwani, akanisomea barua uliyomwandikia yote isipokuwa mistari aliyoficha kwa kidole. Lakini nitakuambia: anaipenda nyumba hii kwa sababu yeye analala melini.

Niliugua malaria, imepita. Nesi alinitundikia maji hapa barazani, kwenye msumari wa taa. Mama mkwe wako alituma ndizi.

Sasa jambo ambalo sikukusudia kuandika. Jana kulikuwa na jua, na Éliane alikuja kunitembelea na watoto wake. Nikamwambia, kaa hapa, nikaone ziwa. Akakubali. Nikavaa kitambaa kizuri. Nikafika langoni. Nikageuka kutazama mlango, nikamwona Éliane anafumua nywele za mwanawe, hatazami kitu. Nikarudi, nikaketi. Nilimwambia jua ni kali. Hakuna aliyenizuia, Evodie. Mimi, Mado, niliyepanda mtumbwi peke yangu mwaka wa vita!

Usijali. Zaa kwanza.

Mado


Ankoro, 21 Januari 2024

Yaya wangu, mama mkubwa wa binti yangu,

Amezaliwa! Ni msichana, ana nywele kama amevaa kofia, na analia kwa sauti ya cherehani yako, Mama anaapa. Alikuja alfajiri, polepole, bila kunionea sana. Mama alimwaga maji nyuma ya jiko, akasimama hapo muda mrefu akiongea na bibi yetu kana kwamba yuko ng'ambo ya ua. Nikimtazama binti huyu, uso wa Wilfried unapita juu yake kama kivuli cha ndege. Sijui kama moyo wa mtu mmoja unaruhusiwa kubeba vitu vyote hivi. Kila asubuhi nambeba mpaka mtoni kumwonyesha mitumbwi. Nafika, nakaa, narudi ninapotaka. Inanilevya.

Goti la Mama halijambo. Watu wanauliza sare zao, nimewadanganya.

Wilfried ameandika. Barua yake ina maneno ambayo nami nayafunika kwa kidole. Mwishoni anaomba nirudi mtoto akishakaza shingo, ili wewe upumzike, na Mama Hélène anatusalimu. Nilikuwa nimeshakunja nguo. Nilimfunga mtoto kwa khanga ya safari. Halafu nikasoma tena pale ulipofika langoni ukarudi.

Yaya, mguu huo naujua. Kuna kitu sikukuandikia. Mwezi wa nane Wilfried alipata ruhusa ya siku nne. Alimwomba Padri atume mtu wa kukaa, akaniambia, "Vaa, bibi, twende tukaone ziwa ya kweli, sisi wawili." Alinishika mkono. Nilikataa. Nikamwambia la ukutani linanitosha. Aliona ni mapenzi, akafurahi! Mimi pia nilisema moyoni ni mapenzi. Haikuwa hivyo. Nilikuwa siwezi.

Mama aliniona nimekaa juu ya nguo. Akauliza tu, "Na mutoto akiugua mule ndani, weye utavuka?"

Nikaanza kukunjua nguo, kwa kuwa sikuwa na hakika. Ndiyo sababu naandika hivi. Toka, yaya. Nimemwandikia Wilfried leo: nakupenda, nakupenda, tafuta chumba popote, hata mtaa wa Katanika, cha udongo, chenye mlango ninaoweza kuufunga na kwenda zangu. Humo sirudi. Sijui atasema nini. Anaweza kusema nimemvunjia nyumba ya babu yake, na itakuwa kweli. Usiku nalala nimemkumbatia mtoto huku nikimwogopa baba yake, mtu ambaye hajawahi kunipandishia sauti. Naogopa tu kwamba atachagua.

Mpe Mama Hélène funguo. Nyumba ni ya mume wake. Asipozipokea, toka hata hivyo.

Evodie wako


Kabalo, 25 Februari 2024

Evodie,

Nakusalimu kutoka ufukweni. Mtumbwi wetu unasubiri mafuta na mwenye pikipiki anaondoka sasa, basi barua itatangulia. Nina mafua, nina jua usoni, niko mzima. Usipike chakula cha mtu mmoja. Wilfried yuko hapa, amelala juu ya gunia la chumvi na mdomo wazi. Kweli anakoroma.

Sikujua kwamba anakuja. Barua yako alikabidhiwa melini, akaja nayo mfukoni. Aliniuliza tu kama mtoto ana nywele nyingi. Nikamjibu akaone mwenyewe. Asubuhi akaondoka na mfuko wake wa kazi kama kawaida.

Basi nilifunga madirisha, nikafunga mlango, nikatembea mpaka kwa Éliane. Mguu wa kwanza ulikuwa mzito. Baada ya kona nikawa kama mlevi. Mama Hélène alikuwa anachagua mchele. Nikanyoosha funguo. Akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, kama mtoto anayeficha kitu.

"Evodie anarudia lini?"

"Harudi mule, Mama."

"Basi Wilfried ataoa mwingine."

"Muulize mwenyewe."

"Miye nilikaa mule tangu mume wangu afe. Nani alinionea huruma? Nilisema, siku bibi arusi anaingia, miye natoka. Na nilitoka!"

Alikuwa analia, na mikono bado iko nyuma. Niliweka funguo juu ya mchele, nikaondoka.

Usiku ule nililala kwa nesi. Asubuhi nikaenda gare, stesheni ya treni, nikamkuta Wilfried amekaa na mfuko wake, macho mekundu. "Nimemwambia Mama," akasema, basi. Treni ilikuwa bado, nami nilikuwa nimesahau mkasi wa kazi kwenye jiko lenu. Nikapanda mlima tena.

Mama Hélène alikuwa amekaa barazani. Mlango nyuma yake uko wazi. Papa Jovial amesimama langoni na kofia mkononi, "Mama Hélène, umerudia! Karibu, karibu," na yeye hamjibu. Alikuwa amevaa nguo yake ya kutokea, ile ya kanisani. Nikachukua mkasi. Nikamwambia, "Mama, twende. Mpaka gare tu, umuage mutoto wako. Nyumba haitakimbia."

Akainuka. Akashuka ngazi ya kwanza. Nikampa mkono, akaushika. Papa Jovial akasogea pembeni kutupisha, kwa adabu yake yote. Mama Hélène akamtazama. Akageuka akautazama mlango. Halafu akaniachia mkono, akapanda, akaketi.

"Musalimie mujukuu wangu," akasema. "Mumwambie nyumba yake iko."

Nimefikisha kama nilivyotumwa. Wewe usimwambie mtoto.

Mado